Kiti Kilichoshonwa kwa Waya



Leo nataka tuzungumze habari za wanafunzi wa sanaa, wale wanaochora, wanaochonga na wanaofinyanga. Unawajua. Ni yule kijana wa jirani aliyefaulu kidato cha sita, ukoo mzima ukawa unasubiri kusikia amepata chuo gani, akaja kusema amechaguliwa kusomea uchoraji. Sebuleni pakawa kimya. Halafu mjomba mmoja akakohoa, akauliza kwa upole: "Na ualimu, nafasi zimekwisha?"

Habari ya pesa sitaigusa sana leo, ina siku yake. Nataka kulishika swali jingine, ambalo wanafunzi hawa huulizwa na kila mtu, kuanzia konda wa daladala mpaka shehe na mchungaji: "Hivi nyie mawazo mnayatoa wapi?" Anayeuliza mara nyingi ana jibu lake tayari. Anadhani msanii hulala, akaota, akaamka na picha imekamilika kichwani, kazi ikabaki ya kupaka rangi tu. Au anadhani ni kipaji, na kipaji umezaliwa nacho, huna haja ya kukitafuta. Wanafunzi wenyewe, hasa wale wa mwaka wa kwanza, huamini hivyo hivyo. Utamkuta mmoja amekaa mbele ya karatasi nyeupe, penseli mkononi, jua linazama. Ukimuuliza vipi, anakwambia anasubiri wazo.

Mimi nasema atasubiri sana.

Nyumbani kwangu anaishi mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma sanaa hapa Dar es Salaam. Jina ameniomba nisilitaje hewani, basi nitamwita hivyo hivyo, mpwa wangu. Walipewa mradi wa muhula ambao niliposikia niliona mwalimu wao kachoka kufikiri: chagua kitu kimoja unachokipita kila siku, kichore, kipake rangi, kitengeneze kwa namna yoyote utakayo, ila usihamie kitu kingine mpaka muhula uishe. Wenzake walichagua vitu vyenye hadhi. Mmoja alichagua bahari, mwingine mbuyu. Mpwa wangu akachagua kiti cha plastiki.

Kiti chenyewe unakijua, msikilizaji, huenda umekikalia sasa hivi. Ni kile cha harusini na msibani, cha baa na cha kinyozi, kinachopangwa kimoja juu ya kingine mpaka safu inagusa dari. Kiti hiki kina ugonjwa wake. Mguu wa nyuma hupasuka pale unapoungana na kikalio, hasa kikikaliwa na mtu aliyejaliwa mwili, tena akaegemea nyuma kucheka. Kikipasuka hakitupwi. Kinapelekwa kwa fundi, au fundi mwenyewe anapita mtaani kuvitafuta. Anaupasha msumari moto kwenye jiko la mkaa, anatoboa matundu pande zote mbili za ufa, kisha anashona kwa waya mwembamba au kwa mshipi wa kuvulia samaki, anakaza kwa koleo. Kiti kinarudi kazini.

Mpwa wangu alianza kwa kuchora kiti kizima, na michoro ile ya mwanzo ilichosha. Kiti kizima ni kiti tu, miguu minne na mgongo. Kisha akaanza kusogea karibu, akasogea tena, mpaka akabaki na ufa na mishono peke yake. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo sisi wakaliaji hatukuwahi kuliona: kila fundi ana mshono wake. Yuko anayepitisha waya kwa misalaba. Yuko anayekwenda mshazari, upande mmoja tu. Yuko anayetanguliza kipande cha mpira wa tairi chini ya ufa ndipo ashone. Na yuko fundi mmoja wa Tandale ambaye hukunja ncha ya waya kuingia ndani ili isichane gauni la mwenye kukaa. Ikafika mahali binti akiingia msibani anatupia jicho viti, anakunong'oneza hiki kashona nani na kile kashona nani. Ilibidi nimkumbushe tumekuja kuzika.

Mishono hiyo aliichora kwa mkaa, mikubwa, mmoja ukijaza ukuta, juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Nilidhani mifuko ile ni kwa sababu ya ukata wa mwanafunzi. Kumbe si ukata peke yake. Karatasi nyeupe inakulazimisha utafute kila kivuli kuanzia mwanzo, lakini karatasi ya kahawia tayari ina rangi ya katikati, wala si giza wala si mwanga. Ukiweka mkaa umepata kivuli, ukiweka chaki nyeupe umepata mng'ao wa waya, na penginepo unaiacha karatasi ifanye kazi yake. Mkaa wenyewe anautengeneza uani kwangu: vijiti vya mti laini vinajazwa ndani ya kopo, kopo linafunikwa na kutobolewa tundu dogo, linawekwa motoni mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Ukifungua mapema vijiti vinawaka, ukichelewa sana vinakuwa vyepesi mno na kuvunjika mkononi. Mkaa huo ukishakaa kwenye karatasi hufutika kwa kuguswa tu, kwa hiyo unapuliziwa dawa ya nywele ya saluni ili ushike. Chupa za mke wangu zimekwisha kwa njia hiyo, na kesi yake bado haijaamuliwa.

Siku ya kuonyesha kazi, mgeni mmoja aliyealikwa alimpongeza kwa kuonyesha umaskini wa mitaani kwetu. Binti akamjibu kwa adabu kwamba hakuchora umaskini, alichora ushonaji. Picha zake nilizipenda, lakini jibu lile nililipenda zaidi.

Sasa tuangalie jambo lilivyokwenda. Mpwa wangu hakupata wazo kwanza akachora baadaye. Alichora, akachoka, akachora tena, na wazo likamkuta kazini. Kama angekaa kusubiri wazo zuri kuhusu viti, asingelipata, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa ndani ya mshono, na mshono hauonekani mpaka uinamishe kichwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara hii usemi ule haukuwa wa mafumbo. Binti aliinama kweli, chini ya kiti, watu wakimshangaa.

Wala hakuna jipya hapo. Njia hii katika Afrika Mashariki ni ya zamani kuliko vyuo vyetu. Mwaka 1937, mjini Kampala, mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, aliyekuwa amesomea sanaa katika shule ya Slade mjini London, alianza kufundisha uchoraji kwa darasa dogo lililokutana barazani kwake. Darasa lile ndilo lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo mpaka leo inabeba jina lake. Namna yake ya kufundisha ilikuwa hii: hakuweka chungu mezani wala mtu wa kukaa achorwe. Aliwaeleza wanafunzi tukio kwa maneno, la sokoni, la shambani, la njiani, wao wakalitafuta kichwani, katika vile walivyowahi kuona kwao, kisha wakalichora. Kila mtu alirudi nyumbani kwao kwa fikra na kuleta kilichokuwako.

Mmoja wa waliopita Makerere enzi hizo ni Sam Ntiro, mtoto wa Uchagani, aliyezaliwa mwaka 1923. Ntiro alikwenda London, akasoma Slade kulekule alikosoma mwalimu wake, na baada ya Uhuru akarudi London akiwa balozi wetu. Mtu aliyeona yote hayo angeweza kuchora chochote. Lakini picha zilizomjengea jina ni za migomba ya Kilimanjaro, watu wakilima, watu wakivuna, watu wakijenga. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, na mwaka 1960 ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, mojawapo ya majumba makubwa ya sanaa duniani. Fikiria hilo, msikilizaji: vibuyu vya mbege vya Uchagani, ambavyo pengine mjomba wa sebuleni angesema havina cha kuchorwa.

Mwingine ni Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, habari za maisha ya Yesu, na akaziweka katika milima na makazi ya palepale Murang'a, na watu wake ni Waafrika. Leo jambo hilo halimshtui mtu. Wakati ule, katika nchi iliyokuwa inatoka kwenye vita vya Mau Mau, na ukutani mwa kanisa, lilihitaji moyo. Baadaye, katikati ya miaka ya 1960, Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa wasanii kuonyesha na kufanya kazi zao.

Sitaki nikuuzie historia ikiwa imesafishwa mno. Mama Trowell alikuwa na hofu kwamba picha za Ulaya zitawaharibu wanafunzi wake, kwa hiyo hakupenda wazione sana. Hiyo si heshima kamili. Ni kumwambia mtu: wewe baki na kijiji chako, sisi tubaki na dunia. Mwaka 1958 nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd, kutoka Afrika Kusini, naye akafungua dirisha la kuiona dunia. Akaleta historia ya sanaa ya dunia na nadharia za rangi, akataka wanafunzi wajue kila kitu. Waliosoma kwa wote wawili walikuwa na ya kulinganisha. Mimi, kama mtazamaji wa nje, nasema Todd alikuwa na haki kuhusu dirisha, na Trowell alikuwa na haki kuhusu mahali pa kuanzia. Mwanafunzi aone Michelangelo, amwone vizuri, lakini kazi yake ya Jumatatu aianzie kituo cha basi.

Nikitaja hayo, huwa naulizwa kuhusu waliosoma shule isiyo na dawati. Basi tumtaje Edward Saidi Tingatinga. Huyu alitoka Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam na kufanya vibarua vya kila namna. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora na kuuza picha zake Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, kwa wageni waliokuja kununua vitu. Hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala rangi za mafuta za wachoraji. Alikuwa na mbao laini za kuzibia dari, na rangi ya kung'aa ile ya kupaka baiskeli. Tazama sasa vile vifaa vilivyofanya. Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa ulaini kama ya mchoraji. Inakaa bapa, inang'aa, inakauka na mpaka mkali. Basi picha zake zikawa bapa, zenye kung'aa, na mnyama aliyejitenga wazi na nyuma yake. Mtindo unaojulikana dunia nzima kwa jina lake ulizaliwa nusu mkononi mwake na nusu ndani ya kopo la rangi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la majambazi, akafa, miaka minne tu tangu aanze. Wanafunzi wake na ndugu zake wakaendelea, na mpaka leo ushirika wao uko palepale Oysterbay.

Wako wasomi wa sanaa wanaobeza Tingatinga, wanasema imekuwa kiwanda cha kuzalisha tembo na twiga kwa watalii. Sikubaliani nao kwa jumla. Kazi ile imelisha familia, imesomesha watoto, na ndani yake wapo mafundi ambao mkono wao hauna mfano. Lakini kwa mwanafunzi nasema jingine. Mwanafunzi anayeiga twiga wa Tingatinga amechukua kilichobaki mezani. Tingatinga mwenyewe hakuiga Tingatinga. Alitazama alichokuwa nacho mkononi akauliza kinaweza nini. Swali hilo ndilo la kumwibia, twiga mwachie.

Na usidhani jambo hili limeishia miaka ile. Jijini Nairobi yuko Cyrus Kabiru, anayejulikana kwa miwani anayoitengeneza kwa waya, vizibo na mabaki ya vyuma. Mwenyewe amesimulia kwamba utotoni alitamani miwani, baba yake akamwambia akiitaka ajitengenezee. Akajitengenezea, na hajaacha. Naye Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusoma London, anachora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome la mti ambayo Waganda wameitengeneza kwa karne nyingi. Gome la mti wa mutuba linabanduliwa, linapigwa kwa nyundo za mbao mpaka linanyumbuka, na mti unafungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Nguo hiyo ina heshima yake Buganda, kwenye sherehe na kwenye kuzikia wafu. Haiko sawasawa hata kidogo: ina matundu, ina viraka vilivyoshonwa, ina makunyanzi. Mchoraji mwingine angeitupa. Armitage anaacha matundu yawemo, na picha inalazimika kuyazunguka. Picha zake ziko katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, na zimejaa habari za Kenya: siasa, mikutano ya kampeni, mitaa.

Sasa niseme kidogo juu ya simu, maana najua kuna kijana anayenisikiliza kwa simu na anasema, mzee, siku hizi mawazo yako humu. Simu ni chombo kizuri. Mpwa wangu anaitumia kuona kazi za watu wa nchi ambazo hatafika leo wala kesho. Ubaya uko katika kuchora kutoka humo. Picha ya simu tayari mtu mwingine ameshaichagulia upande, mwanga na ukingo. Wewe ukiinakili unafanya kazi ya mwisho ya uamuzi wa mtu mwingine. Ndiyo maana tunaona kila maonyesho ya wanafunzi yana Mlima Kilimanjaro na tembo mbele yake, yamechorwa na vijana ambao mlima hawajaufikia na tembo wamemwona kwenye noti. Nyuma ya nyumba yao kuna bibi anayesuka ukili akiwa amekaa mkekani, vidole vinakwenda bila kutazamwa, miyaa ya zambarau na ya kijani inaingiliana, na hakuna aliyechora mkono ule.

Nimetaja ukili, nitaje na kanga. Mwanafunzi anayetaka kujua mpangilio wa picha asiende mbali, afungue kabati la mama yake. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji wa katikati, ina jina chini ya mji. Vitu vitatu tu, na ndani ya vitatu hivyo wabunifu wa pwani na wa viwandani wamecheza kwa zaidi ya miaka mia bila kuchosha macho. Kwa nini pindo likiwa zito mji unatulia? Kwa nini doa moja kubwa katikati linafanya kanga isomeke ukiwa ng'ambo ya barabara? Majibu ya maswali hayo yako vitabuni kwa Kiingereza kigumu, na yako shingoni kwa shangazi yako.

Na rangi pia. Udongo mwekundu wa kwetu ukichekechwa kwa kitambaa, ukaoshwa kwa maji, ukaachwa utuame, ukakaushwa na kusagwa, ukichanganywa na gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa, ni rangi kamili. Wekundu wake unatokana na madini ya chuma, ambayo hayapauki juani. Ukitaka ushahidi, nenda Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye mapango ya Kolo, ambako watu wa kale walichora kwa rangi za namna hiyo wanyama waliowawinda na watu waliokaa nao, na michoro bado ipo. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wale nao walichora walichokipita kila siku, sema wao walikuwa wanapita pofu na twiga na sisi tunapita bodaboda.

Nimwambie mwanafunzi neno la adabu, kwa sababu kuchora mtaani si kuchora darasani. Macho hayana pazia, ni kweli, lakini watu wana heshima zao. Katika miji ya pwani, na si pwani peke yake, yako mambo ya dini na ya stara. Mama akisema hataki kuchorwa, funga daftari na umshukuru. Muuza samaki ukitaka kumchora, nunua kwanza samaki. Na usimchore mtu aliyelala kwenye basi halafu ukamwonyesha mwenzako mkacheka. Mpwa wangu ana desturi ya kuchora mikono na migongo zaidi ya nyuso, na mkono wa konda, wenye noti zilizokunjwa katikati ya vidole kwa thamani zake na sarafu zikigongwa kiganjani kumwita abiria, una habari nyingi kuliko uso wake. Huuchora basi likiwa linatembea, kwa mstari mmoja usioinuliwa, bila kutazama karatasi. Mistari inatoka imepinda. Lakini ukiwa na kurasa nyingi za mistari iliyopinda unaanza kuona ule mkono ulivyo, na siku moja unakaa chini na kuuchora sawasawa.

Hilo daftari ndilo ninalotaka tumalizie nalo. Wanafunzi wengi wanalo, lakini hawalijali, kwa sababu vyuo vingi na shule nyingi hukagua picha ya mwisho tu, ile iliyowekwa fremu. Mwanafunzi ni mtu mwenye akili: kisichopewa maksi hakifanyi. Anakaa wiki nyingi bila kuchora, kisha wiki ya mwisho anatafuta picha kwenye simu, anainakili, anaweka fremu, anapita mtihani. Tumemfundisha nini hapo? Kunakili na kuweka fremu. Nchi hii ina idara ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Jirani zetu wa Kenya wameweka sanaa na michezo kuwa njia mojawapo kamili katika mtaala wao mpya wa sekondari. Milango ipo. Lakini mlangoni pakikaguliwa fremu tu, tutapata mafundi wa fremu.

Nasikia hoja kwamba daftari haliwezi kusahihishwa kwa haki, kwamba michoro ya basi haina kipimo. Hoja hiyo siielewi. Mwalimu wa hesabu anatoa maksi kwa njia, hata jibu likikosea. Mwalimu wa sanaa naye anaweza kufungua kurasa akaona nani alirudia kitu kimoja mpaka kikafunguka na nani alijaza daftari usiku wa kuamkia kukusanya. Inaonekana wazi. Mkaa wa jana na mkaa wa mwezi uliopita haufanani, na mkono uliofanya mazoezi haujifichi.

Basi nina maombi mawili, kisha nikuache ukale chakula cha jioni. La kwanza ni kwa walimu wa sanaa, wa sekondari na wa vyuo: muhula ujao lipeni daftari la michoro nusu ya maksi, na waambieni wanafunzi tangu siku ya kwanza. La pili ni kwako mzazi, na kwako mjomba wa sebuleni. Kijana wako akirudi nyumbani vidole vimejaa mkaa, amechora kiti, dumu la maji au goti la fundi viatu, usianze na bei. Chukua daftari, lifungue ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho, kisha muulize kwa nini kitu hicho amekichora mara nyingi hivyo. Jibu atakalokupa litakuonyesha kama anasoma au anapoteza ada yako.